Mkono Ndani ya Koti

Kabula wangu,

Umekwenda kumuaga bibi yako kabla ya safari yako ya chuo kesho, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana bibi yako hamwachii mtu aondoke kabla hajala mara mbili. Kwa hiyo nina saa mbili tatu za peke yangu, na meza imetulia. Habari za kula, kusali na wanaume sitaziandika. Hizo nimekuambia tangu ulipovunja ungo, na jana ulivyonitazama kwa lile jicho lako nikajua zimekutosha.

Nataka kukuambia jambo nililolifanya ulipokuwa na miaka tisa. Ulikuwa karibu, ila hukuliona. Uliponiuliza nilikudanganya, na uongo huo nimeishi nao mpaka leo.

Unamkumbuka Mama Shija? Yule tuliyepanga naye nyumba moja hapa Nyarugusu, chumba chake na chetu ukuta mmoja. Jina lake ni Milembe. Mlikuwa mnalala na Shija kwenye mkeka mmoja, mkiamka kila mmoja anadai mwenzake alimpiga teke. Siku moja ulitoka shule ukakuta chumba chao kiko wazi, hakuna hata kijiko. Ukaniuliza Shija yuko wapi. Nikakujibu, "Wamehama, mama yake amepata kazi." Hakupata kazi yoyote. Niliwafukuza mimi.

Tulifika hapa msimu mmoja, mimi nikitokea Masumbwe, yeye akitokea huko Shinyanga kwao. Baba yako alikuwa ameshafuata dhahabu kusini na hakurudi, na mume wa Milembe alikuwa amefariki. Wanawake wasio na duara lao, shimo la kuchimbia, wanafanya nini machimboni? Tulikuwa tunanunua marudio, ule mchanga ambao wenye mali wameshauosha mara moja, tunauosha tena pale mwaloni, kando ya maji. Kilichobaki tunakikamata kwa zebaki na kukichoma kwenye kikaango kibovu. Moshi ule nilivyouvuta, leo najionea huruma. Kikitoka ni kipande kama punje ya mahindi iliyoliwa na wadudu, na kipande hicho ndicho kilichokuwa kinawavisha nyinyi sare za shule.

Kazi tulikuwa tumegawana. Mimi nachoma na kupima. Tulikuwa na mzani mdogo wa betri, ukubwa wake kama simu, tulionunua kwa machinga. Milembe anapeleka kwa mnunuzi, kwa sababu ana mdomo mtamu na mimi nina mdomo mchungu. Nikibaki nawapikia nyinyi.

Mnunuzi wetu tulimwita Baba Neema. Alikuwa mtu mpole. Ukimpa shikamoo anaitikia marahaba kabla hujaimaliza, na ukikaa anakuletea maji. Alivaa koti la kijivu mwaka mzima, hata kwenye jua la Septemba ambalo mbwa wanajificha chini ya magari. Watu walisema ana malaria sugu, na hata mimi nilimhurumia.

Ikaanza taratibu. Mimi napima gramu tatu na pointi mbili, Milembe anarudi na karatasi ya gramu mbili na pointi nane.

"Imekuwaje?"

"Baba Neema anasema bado ina uchafu, akiichoma tena inapungua."

Ni kweli dhahabu ikichomwa tena inapungua kidogo, kwa hiyo nikanyamaza. Mara ya pili pungufu, mara ya tatu pungufu zaidi. Hapo nikaanza kumtazama Milembe. Najua kutazama mtu, Kabula, umeshaniona. Nikaona Shija ana ndala mpya. Nikaona Milembe anafunga kanga yake upande wa kushoto, wakati zamani alifunga kulia. Akicheka najiuliza anacheka nini, na akinyamaza najiuliza anaficha nini. Hakuna kitu alichofanya ambacho hakikuwa ushahidi.

Siku moja nikamwambia ghafla akiwa ameshavaa viatu, "Leo twende wote." Akasema, "Haya, twende, utanipunguzia njia." Tulipofika, Baba Neema akatukaribisha wote wawili, akapima mbele yetu, na uzito ukatoka sawasawa na wa kwetu, hata pointi moja haikupotea.

Kwangu kesi ilikuwa imekwisha. Tukiwa wawili dhahabu inatimia, akienda peke yake inapungua. Ungehitaji nini tena? Njia nzima ya kurudi alikuwa anazungumza habari za mvua, na mimi nilikuwa namhesabia siku.

Wiki iliyofuata alienda peke yake, ikapungua. Nikamngoja mwaloni, siyo nyumbani. Nilichagua mwaloni kwa sababu kuna watu. Hili lisikupite: nilichagua.

"Mama Shija," nikamwambia kwa sauti, "fungua kanga yako."

Akadhani natania. "Nifungue kanga, nimekuwa mtoto?"

"Fungua tuone unapoficha."

Wanawake wakaacha kuosha. Nikamshika mwenyewe. Nikafungua pindo la kanga, nikapapasa kiunoni, nikamvua kilemba nikapekua nywele zake mbele ya vijana wa karasha waliokuwa wameacha kusaga mawe waje kutazama. Sikupata kitu. Na unajua machimboni neno mwizi linavyokwenda. Sikulitamka mimi, lakini lilitamkwa na mtu nyuma yangu, kisha na mwingine, na jiwe la kwanza likapita karibu na sikio lake likaangukia majini.

Milembe hakukimbia. Alisema, "Mama Kabula, waambie waache." Alisema mara mbili. Ningeweza kuwaambia. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, na wote walikuwa wananisikiliza mimi. Nilitazama chini kwenye matope. Jiwe la pili lilimpata begani. Aliyemwokoa ni mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuja anakimbia na filimbi mdomoni, akamshika mkono akamtoa.

Alipopita mbele yangu alisema kwa Kisukuma chake neno moja tu, "Gashi." Wewe unalijua, ni kumbe. Kumbe ndivyo ulivyo. Asubuhi yake, ukiwa shule, hakumpeleka Shija shule, alimchukua akaondoka.

Nikabaki na kazi peke yangu na mwendo wa kwa mnunuzi ukawa wangu. Mara ya kwanza nilipokwenda mwenyewe, dhahabu ikapungua. Ungedhani nililia? Hapana. Sikumfikiria Milembe hata kidogo. Nilidhani mzani wetu umeharibika. Ikapungua mara ya pili. Nikanunua betri mpya. Ikapungua mara ya tatu, na bado nilikuwa nasema ni mzani.

Ndipo nikaenda kwa Fundi Elias, yule aliyekuwa anatengeneza simu karibu na soko. Wewe ulikuwa pamoja nami. Siku ile unaikumbuka vizuri, umewasimulia rafiki zako mara nyingi kwamba ndipo ulipoanza kupenda mambo haya unayokwenda kuyasomea. Hukujua mimi nilikuwa nimefuata nini.

Fundi alifungua mzani wetu, akaupuliza, akaupima kwa vitu anavyovijua uzito. "Mzima huu," akasema.

"Mbona mzani wa kule unasema vingine?"

"Kule wapi?" Nikamtaja Baba Neema. Akatazama barabarani, akapunguza redio. "Mzani wa huyo bwana umewahi kuushika, mama?"

Nikamwambia sijawahi. Akawa kama hataki kuendelea, halafu akakugeukia wewe, kwa sababu mtoto ni rahisi kumweleza. Aliunganisha simu yake na spika ndogo ya bluetooth, akakupa spika. "Tembea nayo barabarani, hesabu hatua kwa sauti." Muziki ulikuwa unatoka vizuri. Ulipopita hatua kumi na kitu ukaanza kukatikakatika, mbele kidogo ukanyamaza. Uliporudi ukaanza tena wenyewe, nawe ukapiga kelele za furaha. Kisha akaifunika simu kwa kitambaa, muziki ukaendelea. Akaiweka ndani ya boksi la mbao, ukaendelea. Akaitumbukiza kwenye sufuria ya mke wake na kufunika, ukakwama.

Utakwenda kufundishwa haya na watu waliosoma, na huenda nimeyaelewa kombo, lakini hivi ndivyo alivyoniambia. Ndani ya simu kuna redio ndogo inayosema na kusikia. Ni ndugu wa redio ile ya taarifa ya habari, tofauti ni nguvu. Ile inapiga kelele ifike mkoa mzima, hii inanong'ona. Imetengenezwa inong'one makusudi, isimalize betri na isiwasumbue majirani. Wimbo unageuzwa kuwa namba, namba zinageuzwa kuwa mawimbi, mawimbi yanaruka hewani, na spika inayageuza tena kuwa wimbo. Nguo na mbao yanapita. Kwenye ukuta yanachoka. Hata mwili wa mtu unayachosha, kwa sababu sisi ni maji matupu. Chuma kinayarudisha.

"Na kwa nini spika haichezi simu ya jirani?" ulimuuliza wewe.

"Kwa sababu zinajuana," akasema. Siku ya kwanza simu na spika zinaulizana majina, zinakubaliana namba za siri ambazo simu ya tatu haizijui. Baada ya hapo kila zikikaribiana zinatambuana. Na zikiwa zinaongea hazikai njia moja, zinarukaruka kutoka njia hii kwenda ile mara nyingi ndani ya sekunde moja, ili zisigongane na wengine wanaonong'ona palepale.

"Hiyo ni bluetooth, ina adabu," akasema. Halafu akavuta droo akatoa kirimoti cha alamu ya pikipiki, kidogo kama kokwa ya embe. Akabonyeza. Pikipiki iliyoegeshwa nje ikalia. Akabonyeza akiwa amekitia mfukoni, ikalia. "Hiki hakiulizi jina la mtu. Kina neno moja tu, ukibonyeza kinalirusha hewani. Chochote kilichofundishwa kulingoja neno hilo kinafanya kilichoambiwa. Sikio la kulisikia ni kitu kidogo sana, mama. Unaweza kuliweka ndani ya geti, ndani ya taa." Akakirudisha kwenye droo. "Hata ndani ya mzani."

Nikauchukua mzani wetu pale mezani.

"Mimi sijasema kitu," akasema Fundi Elias. "Nina watoto hapa."

Nilipokuwa natoka ndipo akaniambia la maana kuliko yote. Alisema kwamba kitu cha namna hiyo hakina waya wa kumwonyesha mwenyekiti, na mwenye nacho anaweza kukitia mfukoni, kwenye soksi, popote. Asichoweza kukificha ni umbali. Lazima awe karibu.

Siku mbili baadaye nilivua pete ya ndoa, ambayo baba yako aliniachia kama mtu anavyosahau mwavuli, nikaipima nyumbani mara tano. Gramu nne na pointi moja, kila mara. Nikaenda kwa Baba Neema siku ya gulio, saa nne asubuhi, watu wamejaa nje. Nikaingia peke yangu.

"Shikamoo Baba Neema."

"Marahaba mama, karibu maji."

"Leo nauza pete. Shida."

Akanipa pole. Akaiweka kwenye mzani, mkono wa kulia mezani, wa kushoto mfukoni mwa koti. Gramu tatu na pointi sita.

"Macho yangu mabovu, baba, na humu giza. Naomba nisomee hapo mwangani." Kabla hajajibu niliunyanyua mzani na pete juu yake, nikatoka. Nilivuka uwanja mpaka kwa mama muuza viazi, nikauweka juu ya meza yake. Nikaitoa pete, nikauzima mzani ili usahau ulichoambiwa, nikauwasha upya, nikairudisha pete. Gramu nne na pointi moja.

Baba Neema alikuwa mlangoni, mkono uko ndani ya koti. "Rudisha mzani, mama, utaniharibia." Nikasema nakuja, sijaona vizuri. Akaanza kuja. Hakukimbia, alitembea kama anayekuja kusalimia. Mimi sikumtazama usoni, nilitazama namba. Alipokuwa mbali zilisimama. Alipofika pale kwenye ndoo za viazi, kama hatua nane kutoka kwangu, pete ikapungua. Hakuna aliyeigusa, Kabula. Mama wa viazi alikuwa ameinama naye anatazama. Gramu nne na pointi moja ikawa tatu na pointi sita mbele ya macho yetu mawili mawili, kwa sababu mtu alikuwa anabonyeza kitu mfukoni toka mlangoni, akitaka mzani useme alichokwisha kusema yeye, na neno lake lilikuwa limefika sasa.

"Makubwa!" akasema mama wa viazi.

Uwanja mzima ulikuwa umejaa watu. Ningepiga kelele ile moja tu, angekufa pale. Ilinifika kwenye koo. Nilimwona Milembe amesimama majini na bega lake, nikaimeza. Nilisema polepole, "Baba Neema, toa mkono mfukoni." Akacheka, akasema mimi nimechanganyikiwa kwa shida. Lakini hakuutoa. Nikachukua pete yangu, nikamwachia mzani wake, nikaenda kwa mwenyekiti na mama wa viazi akiwa shahidi.

Hakukamatwa. Mwenyekiti na watu wake walipofika alikuwa ameshafunga, na siku ya tatu nyumba ilikuwa tupu. Walisema kahamia kwenye machimbo mapya. Siku ile niliyokwenda na Milembe hakubonyeza tu, macho yalikuwa mengi. Yupo mahali, na koti lake. Ndiyo maana mpaka leo nikiona taa ya bluetooth inawaka kwenye simu yako nakuambia zima, unanicheka. Ndiyo maana mtu akinionyesha kadi unayoigusisha tu kwenye kimashine inalipa, mimi natazama mkono wake mwingine. Cheka tu.

Mwezi mzima ulipita kabla sijathubutu kumtafuta Milembe. Nilimkuta Bugarama, anauza dagaa na mchele stendi. Nilimwamkia kwa Kisukuma nikidhani itasaidia. "Mwadila." Akaitika. Akanipa kigoda. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, mzani, kirimoti, pete, hatua nane. Nilieleza haraka kama mtu anayeleta habari njema. Alisikiliza huku anapanga dagaa kwenye mafungu.

"Kwa hiyo mashine ndiyo imekuambia mimi si mwizi," akasema.

"Ndiyo, nimeiona kwa macho yangu."

"Mimi nilikuambia kwa mdomo wangu."

Nilimwomba msamaha, akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, alisema amesikia. Nilimwomba arudi Nyarugusu, akaniuliza arudi aoshe mchanga mbele ya nani. Alinifungia dagaa, akakataa hela, na nikajua kwamba hiyo ndiyo kuagwa kwenyewe.

Sikuambii usishuku watu, Kabula. Nitakuwa mnafiki. Baba Neema alistahili kushukiwa tangu siku ya kwanza, na maji yake na koti lake. Ninachokiona kila nikikaa peke yangu ni kwamba mzani niliupima kwa pete niliyoijua uzito, nikaupima mara tano nyumbani kabla sijathubutu kumnyooshea mtu kidole. Milembe nilimpima kwa nini? Kwa ndala za mtoto na pindo la kanga. Kwa miaka tulikula chungu kimoja. Siku nilipougua alikuogesha wewe kabla ya Shija. Hayo sikuyaweka kwenye mzani wowote. Na yule aliyekuwa mpole kwangu nilimwamini kwa sababu aliitikia marahaba haraka.

Na kulikuwa na furaha ndani yake. Hilo sijamwambia mtu. Nilipokuwa nampekua nywele nilijisikia mwerevu.

Sasa kwa nini nakuandikia leo, na siyo miaka yote hii? Sababu ya kwanza si nzuri. Jumapili iliyopita simu yangu iliita, namba nisiyoijua. Alikuwa Milembe. Kasikia kwa watu wa mabasi kwamba unakwenda chuo. "Basi lake litapita hapa saa tatu," akasema. "Mwambie mtoto ashuke anisalimie, dereva namjua, atasubiri." Nikasema nitakuambia. Siku nne sijakuambia. Nimekuwa nikijiuliza anataka kukueleza nini, na kwa nini sasa, na kama ananingojea mahali ambapo itaniuma. Nimeanza tena, unaona. Nilianza barua hii ili uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwake. Nilipofika katikati nikaona kwamba hata kama hana neno, hata kama anataka kukutazama tu ulivyokua, ilikuwa lazima niiandike.

Kwa hiyo kesho shuka Bugarama. Mwamkie kwa heshima zote, ukae anapokukalisha. Shija naye atakuwepo labda. Usinitetee. Usimwambie mama alikuwa na maisha magumu, naye alikuwa nayo hayohayo. Akikuuliza kama nilikuambia, mwambie nimekuambia. Na akisimulia jambo ambalo halimo humu, au limo lakini yeye anasema lilikuwa vingine, amini la kwake.

Mama yako